Majibu ya HPV yamerudi "batili": nirudie kujipima au niende tu hospitali?

Shikamooni washauri wetu,

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, naishi Mbagala na nauza vitenge Kariakoo. Mwenzetu mmoja wa kikoba alituletea vifurushi vya kujipima nyumbani HPV, vile virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kila mmoja akanunua chake. Ndani kuna kijiti kirefu chenye kichwa laini na alama nyekundu katikati, kichupa chenye kifuniko, stika ya kuandika jina na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Nilijichukulia sampuli, nikapeleka maabara. Baada ya siku nane nikaletewa ujumbe kwenye simu: "Batili, leta sampuli nyingine." Basi, hakuna maelezo zaidi.

Niseme ukweli, niliogopa, kijiti nilikiingiza kidogo sana. Tena siku zile nilikuwa natumia dawa ya fangasi ya kuweka ukeni. Sijui kama ndiyo sababu au kuna jambo kubwa wananificha.

Mwenzangu mwingine wa kikoba yeye aliambiwa HPV imeonekana. Mume wake akamwambia ametoka nayo nje ya ndoa, na mpaka leo hawaelewani. Mume wangu aliposikia hayo akasema nisirudie. Nina mdogo wangu wa miaka 27, anatumia ARV, anasema yeye bado mdogo, kipimo hicho ni cha sisi wakubwa. Na wengine wananiambia niachane na vijiti, niende kupimwa kwa siki, yaishe.

Naombeni mnielekeze hatua kwa hatua.

Mama Nasra, Mbagala

* * *

Marahaba, Mama Nasra.

Tuanze na hilo neno lililokunyima usingizi. Batili maana yake mashine imeshindwa kusoma sampuli yako. Haijasema una virusi, haijasema huna, na hakuna anayekuficha kitu. Mashine nyingi za HPV hutafuta vitu viwili kwa pamoja: vinasaba vya virusi, na jeni ya binadamu inayothibitisha kwamba kwenye kijiti kweli kuna seli za mtu. Jeni hiyo isipoonekana, mashine inakataa kutoa majibu. Na inafanya vizuri kukataa, maana kijiti kikavu kisichogusa kitu kingesomwa "hakuna HPV", ukarudi nyumbani na amani ya uongo.

Sababu yako umeshaitaja mwenyewe, tena mbili. Kijiti kilichoishia mlangoni hakibebi seli za kutosha. Dawa ya fangasi nayo, iwe krimu au kidonge cha kuweka ukeni, huacha mafuta na unga unaofunika kichwa cha kijiti na kuvuruga kemikali za kipimo. Vivyo hivyo shabu, maji ya ndimu, sabuni za manukato na vile vifuko vya mitishamba vinavyouzwa kwa jina la "kusafisha kizazi". Damu nyingi ya hedhi pia huharibu. Hivyo rudia, ila uchague siku. Maliza dozi ya fangasi yote, kisha subiri angalau siku 3. Hedhi ikatike kabisa. Siku 2 kabla ya kipimo usiingize chochote ukeni wala usijisafishe kwa ndani. Kuoga kwa nje kama kawaida hakuna shida. Usiku wa kuamkia siku hiyo pumzikeni na tendo la ndoa, hasa kama mnatumia kondomu au vilainishi. Kama una kitanzi, usihofu, kijiti hakiwezi kukivuta.

Sasa kazi yenyewe. Nawa mikono kwa sabuni, ukaushe kwa kitambaa safi. Kabla ya kufungua kijiti, andika kwanza stika: jina kamili kama lilivyo kwenye fomu ya maabara, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchukua sampuli. Wengi huiacha stika mwisho, mikono ikiwa imeloa, wino unachafuka na maabara inapokea kichupa kisicho na mwenyewe. Ibandike kwenye kichupa, usiibandike kwenye mfuko wa nje.

Angalia kichupa chako. Vipo vikavu, na vipo vyenye maji ndani. Kama kina maji, hayo ni dawa ya kuhifadhi seli, na baadhi yake yana spiriti ya sumu. Usiyamwage, usichovye kijiti humo kabla ya kujipima, usiache watoto wachezee, usikiweke karibu na jiko. Kuchovya kijiti kwanza ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu karatasi ya maelezo huonyesha kijiti kikiwa ndani ya kichupa na mtu asiyesoma Kiingereza anafuata picha. Ukikosea hivyo, usikiingize ukeni. Omba kifurushi kingine.

Tafuta mkao. Wapo wanaosimama na kuweka mguu mmoja juu ya kiti au ukingo wa kitanda, wapo wanaochuchumaa kama chooni, wapo wanaolala chali na kukunja magoti. Yote sawa. Kinachozuia kijiti mara nyingi ni misuli iliyokazwa na hofu, wala si njia kuwa nyembamba. Vuta pumzi, itoe taratibu kwa mdomo, uingize wakati unaitoa. Fungua pakiti ya kijiti, ukishike pale kwenye alama nyekundu au juu yake kidogo, na kile kichwa laini kisiguse kidole, nguo wala meza. Kikianguka sakafuni, kimekwisha kazi, usikisuuze. Kwa mkono mwingine tenganisha midomo ya uke, uelekeze kijiti nyuma kidogo kama unaelekea kiunoni, badala ya juu moja kwa moja. Sukuma polepole karibu sentimita 5, sawa na urefu wa kidole chako cha mwisho. Kwenye vijiti vingi alama nyekundu ndiyo inayokuonyesha pa kuishia. Lakini vipo vijiti ambavyo alama ni mahali pa kuvunjia tu, kwa hiyo mwombe anayekupa kifurushi akuambie alama ya kijiti chako ni ya nini kabla hujaondoka.

Ukifika hapo, zungusha. Mara ya kwanza hukufika hapa. Kizungushe taratibu mahali pamoja, kichwa kikigusa kuta za uke, kwa sekunde 20 hadi 30. Hesabu kwa sauti kama inakusaidia. Usichomeke na kuchomoa. Huhitaji kugusa mlango wa kizazi, kwa sababu seli zinazobeba virusi huteremka na kukaa ukeni, na hizo ndizo mashine inazozitafuta. Utasikia kama kitu kinakusugua, pengine mtekenyo, ila maumivu makali hapana. Ukipata maumivu makali, toa. Kijiti hakiwezi kupotea tumboni wala kutoboa kizazi ukikiingiza taratibu kwa urefu huo, maana uke una mwisho.

Kitoe, kitumbukize kwenye kichupa bila kugusa chochote njiani. Kama kijiti kina mahali pa kuvunjia, kikunje kwenye ukingo wa kichupa kikatike, kichwa kibaki ndani. Funga kifuniko mpaka kikaze. Kile cha maji kitikise taratibu kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo yake. Tone moja la damu baadaye lisikutishe.

Kuhusu kuhifadhi, joto la Dar linahitaji uangalifu wake. Kichupa kikae kivulini, ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha la jua na mbali na dashibodi ya gari. Vijiti vingi havihitaji friji, lakini muda wa kukaa hutofautiana kati ya aina na aina. Ushauri wetu wa moja kwa moja: jichukulie asubuhi ya siku unayokwenda mjini, ukikabidhi maabara siku hiyohiyo kabla hujafungua duka. Hapo huna haja ya kubahatisha.

Ila Mama Nasra, kabla hujagusa kijiti cha pili, kuna mazungumzo ambayo hukuyafanya mara ya kwanza, na kwetu sisi hayo yana uzito kuliko kijiti chenyewe. Nenda maabara, au piga simu, uulize: mashine yenu inapokea sampuli ya kujichukulia mwenyewe, na ya aina hii ya kijiti? Mnapima vinasaba vya virusi? Kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili hakitumiki kuchunguza saratani hii, kwa hiyo anayekuuzia cha damu mpite. Mnataja kando aina ya 16 na ya 18, zile aina za HPV zinazoongoza kuleta saratani? Na la mwisho: virusi vikionekana, mnanipeleka kwa nani? Kama jibu la swali hilo ni "utatafuta daktari mwenyewe", basi tafuta kabla. Mwanamke aliyeachwa na karatasi ya "imeonekana" mkononi bila pa kwenda ndiye anayeishia kwa wauza dawa za kusafisha kizazi, na miezi inapita.

Majibu yenyewe yana njia mbili. HPV ya hatari isipoonekana, na wewe huna VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri kurudia baada ya miaka 5 hadi 10. Hapo ndipo kipimo hiki kinapowashinda wenzake: kutokuonekana kwa virusi kunakupa uhakika wa miaka mingi, kwa sababu karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanza na virusi hivi, na aina ya 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 yake.

Ikionekana, hujapata saratani. Zipo aina 14 hivi za hatari, na wanawake wengi waliowahi kufanya ngono hupata HPV wakati fulani. Kinga ya mwili huvifukuza virusi kwa wengi ndani ya miaka 2. Wanaobaki navyo kwa muda mrefu ndio seli zao zinaweza kuanza kubadilika, na kutoka hapo hadi saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 20. Muda upo, ila hautumiki wenyewe. Hakuna dawa ya kunywa inayoua HPV, iwe ya hospitali au ya mizizi. Kinachotibiwa ni yale mabadiliko ya awali, na kuyaona kunahitaji mtu akuangalie kwa macho.

Hapo sasa inaingia siki ya wenzako. Muuguzi anakuwekea spekula, kile chombo cha kufungulia uke, anapaka mlango wa kizazi asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika 1 kamili, halafu anatafuta sehemu iliyogeuka nyeupe. Ni kipimo kizuri, cha bei nafuu, na majibu unapewa papo hapo ukiwa bado kitandani. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho: uvimbe wa maambukizi ya kawaida unaweza kuonekana mweupe, na mabadiliko madogo yanaweza kupita. Tena mwanamke akishakoma hedhi, sehemu inayotakiwa kuonekana mara nyingi hujificha ndani, siki haisaidii sana. Kwa hiyo hatukuambii uache kimoja ushike kingine. Kijiti kinatenga wenye virusi na wasio navyo. Siki na jicho la mtaalamu vinafuata kwa wenye virusi. Lakini kama maabara ni mbali, fedha hakuna, au kifurushi cha pili hakipatikani karibuni, usisubiri kijiti. Nenda kuangaliwa kwa siki wiki hii. Mabadiliko hayaulizi umepimwa kwa njia gani.

Kwa upande wa mahali, hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke, Amana na Mwananyamala, na Taasisi ya Saratani Ocean Road kule barabara ya Barack Obama, ndizo sehemu za kuanzia. Temeke kwako ndiyo jirani. Uliza kliniki ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo vituo vingi huiweka pamoja na uzazi wa mpango. Usiende ukiwa kwenye hedhi, utarudishwa.

Yakionekana mabadiliko madogo, yanayoonekana yote na yasiyoingia ndani ya tundu la kizazi, mara nyingi unatibiwa siku hiyohiyo, bila kulazwa. Kuna kuchoma kwa joto: kifaa kidogo chenye ncha ya nyuzi 100 hadi 120 hugusishwa mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30, mara moja au zaidi. Kuna tiba mgando: kugandisha dakika 3, kuacha iyeyuke dakika 5, kugandisha tena dakika 3. Maumivu ni kama tumbo la hedhi. Baadaye utatoka majimaji kwa wiki kadhaa, na hapa panahitaji pedi na uvumilivu; tendo la ndoa linasimama kwa takriban wiki 4 ili kidonda kifunge. Rudi haraka ukiona homa, maumivu makali ya chini ya kitovu, uchafu wenye harufu mbaya, au damu nyingi kuliko hedhi yako nzito. Mabadiliko makubwa, au yanayoingia ndani, hukatwa kwa waya wa umeme na kinyama kupelekwa maabara. Baada ya tiba yoyote unarudi kupimwa baada ya miezi 12. Na kama virusi vipo lakini mlango wa kizazi umeonekana salama, unarudia baada ya miezi 24. Andika tarehe hiyo nyuma ya kadi yako ya kliniki, kwa kalamu, usiitegemee simu.

Mume wako tunamwandikia hapa, msomee. Baba Nasra, HPV inaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi kabla ya kipimo kuiona. Aliyeonekana nayo leo anaweza kuwa aliipata kabla hamjaoana, kutoka kwako au kwa mwingine, na hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema ilitoka kwa nani wala lini. Huambukizwa kwa kugusana ngozi sehemu za siri, ndiyo maana kondomu hupunguza lakini haizuii yote. Hakuna kipimo cha kawaida cha kuichunguza kwa wanaume, wala huhitaji dawa. Kumzuia mkeo asipime hakuondoi virusi kama vipo, kunaondoa nafasi ya kuyatibu mabadiliko yangali madogo. Yule mwenzenu wa kikoba hastahili kusemwa. Anastahili mtu wa kumsindikiza Temeke. Mama Nasra, ukiweza, mwende pamoja.

Mdogo wako ndiye anayetutia wasiwasi zaidi katika barua yako yote, kuliko hiyo batili. Ni kweli kwamba kwa wanawake wa kawaida uchunguzi huanza miaka 30, kwa sababu chini ya hapo virusi vingi huondoka vyenyewe na kupima kunaleta hofu na tiba zisizohitajika. Kwake yeye hesabu ni nyingine. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari takriban mara 6 ya asiye na VVU, na mabadiliko yake huweza kufika saratani ndani ya miaka 5 hadi 10. Ndiyo maana kwa wenye VVU uchunguzi huanza miaka 25 na kurudiwa kila miaka 3 hadi 5. Ana miaka 27, kashachelewa miaka 2. ARV anazotumia vizuri zinamsaidia sana, ila hazichukui nafasi ya uchunguzi. Siku yake ya kwenda CTC, kliniki ya VVU, kuchukua dawa amwambie mhudumu: "Naomba kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi." Akionekana na HPV lakini mlango wa kizazi ukawa salama, yeye anarudi baada ya miezi 12, hasubiri 24.

Jambo moja la kutofanyia mzaha kwa kila mtu wa kikoba chenu: kijiti cha nyumbani ni cha mwanamke asiye na dalili. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi, anayetoka majimaji yenye harufu kali yasiyosikia dawa, au mwenye maumivu ya kiuno na nyonga yasiyoisha, huyo asipime nyumbani na asiendelee kutibiwa UTI sugu mwezi baada ya mwezi. Aende akaangaliwe kwa spekula, hata kama kijiti kilisema hana virusi. Mjamzito naye asijipime mwenyewe, amuulize mkunga. Aliyetolewa kizazi chote pamoja na mlango wake kwa sababu isiyo saratani wala mabadiliko yake ya awali hahitaji.

Hukututajia umri wa Nasra. Kama ana miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ni yake. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu, inatolewa shuleni na vituoni, bila malipo. Haigusi uzazi wake. Timu ya chanjo ikipita shuleni siku ambayo hayupo, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.